Kufuli Lisilo na Kitufe

Kirungu, Moba
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Emery,

Wewe na mkeo Falonne hapo Malvern, Johannesburg, mko salama? Baridi ya huko imekwisha au bado mnalala na soksi? Sisi huku tu wazima kwa neema. Mama anakohoa asubuhi, lakini bado anagombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ujue nguvu zipo. Barua hii naiandika kwa mkono kwa sababu kioo cha simu kimepasuka na nusu ya herufi sizioni. Nikimaliza nakwenda kwa masista ambako mtandao unafika, naipiga picha, nakutumia. Nawe niandikie mimi dada yako mkubwa kwa urefu, usinitumie vimaneno viwili vya "sharp, yaya".

Nina neno. Jumatano mama alikwenda sokoni kununua unga. Binti mmoja muuza unga alisahau kufunga mfuko wa mteja, unga ukamwagika, na mwenzake akamwambia, "Acha kufanya Gustave." Wakacheka wote wawili. Hawakujua kwamba mke wa huyo Gustave amesimama mbele yao na kikapu mkononi. Mama amerudi bila unga na tangu siku hiyo hataki kutoka.

Emery, jina la baba yetu limekuwa kitenzi. Mtu akisahau sufuria jikoni amefanya Gustave. Mtoto akisahau daftari amefanya Gustave. Wasemao hivyo wengine hawakuwahi hata kumwona.

Wewe hukuwepo kwenye mazishi, ulifika kutoka Lubumbashi siku tatu baadaye, kwa hiyo nakueleza tena kilichotokea. Patron Jean-Claude alisimama kanisani, akaweka mkono juu ya jeneza la dereva wake aliyemtumikia miaka kumi na tisa. Akasema Land Cruiser yake ilikuwa na kufuli la difu la kutolea gari kwenye matope, na kitufe cha kulifungua kilikuwa pale pale pembeni ya usukani, ila Gustave alianza kuteremka mlima wa bandarini akasahau kulifungua, gari likaangukia bondeni. "Alikuwa amekunywa kidogo, Mungu amsamehe," akasema. Baba, ambaye akinusa tu pombe ya lutuku alipiga chafya! Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimemshika mama asianguke, sikuweza kusema kitu, na kunyamaza kule kunanichoma mpaka leo.

Sasa sikia. Mtu huyo wiki ijayo anasafiri kwenda Johannesburg kununua Land Cruiser nyingine. Anajigamba kila kibanda kwamba hukohuko ataitilia kufuli jipya kwa mafundi wa kweli. Fundi wa difu nani kama si wewe? Mtafute. Sijui utamfanya nini. Najua tu kwamba nataka kumwona mtu huyo amepiga magoti, na nisipomwona kwa macho yangu basi nisimuliwe.

Yaya yako,
Clémentine

Malvern, Johannesburg
12 Oktoba 2024

Yaya Clémentine,

Nakuamkia wewe na mama. Dawa ya kikohozi nimempa Zabibu, yule mama anayepeleka nguo Lubumbashi kwa basi, ataiunganisha na gari la Pweto. Falonne anawasalimu, wateja wa kusuka wanamjia mpaka wengine anawapeleka kwa rafiki yake Kensington. Mimi mgongo unaniuma kwa kulala chini ya magari, lakini nalalamika tu, mzima.

Sikumtafuta, yaya. Alikuja mwenyewe. Hapa Jules Street Mkongomani yeyote akiuliza habari za difu anaelekezwa kwangu, uani, nyuma ya duka la matairi. Jumanne asubuhi gari jeupe likaingia, na kabla hajashuka nikaijua ile kofia yake na kile kitambi. Nilikuwa na spana mkononi. Sikukuficha kitu maishani, sikufichi na hili: niliipima ile spana kwa uzito.

Hakunijua. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na miaka kumi na sita. Aliniita petit kama dogo yeyote, akaketi kwenye kiti changu, akaagiza chai.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe ili uelewe kilichofuata. Gari likikata kona, tairi la nje hutembea mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu kila tairi lizunguke kivyake. Kwenye matope ruhusa hiyo inakuwa balaa, tairi moja linazunguka bure na lingine limekaa tu. Kufuli linayafunga matairi ya nyuma yazunguke pamoja, gari litoke. Mteja ana mambo matatu ya kuchagua. Liko kufuli la upepo, unabonyeza kitufe, pampu inapuliza, linafunga. Unabonyeza tena linafungua. Liko la umeme, nalo lina kitufe. Na liko la kujifunga lenyewe, halina kitufe wala waya. Ukikanyaga mafuta linafunga, ukiteremka kwa gia nzito linafunga, na likiachia linaachia kwa kishindo. Hilo ni rahisi kulitia na halifi upesi, wenye mashamba ya tambarare wanalipenda. Ila kwenye njia ya mlima iliyolala upande mmoja, penye utelezi, ni hatari. Matairi yote mawili ya nyuma yanapoteza mshiko kwa wakati mmoja, na mkia wa gari unafuata bonde. Difu ya kawaida ingebakiza tairi moja la kushikilia.

Nikamweleza yote hayo kama ninavyowaeleza wengine, nikamwuliza anataka lipi. Yaya, nakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa, nimeyarudia kichwani siku nne nzima:

"Ile ya kujifunga yenyewe, hapana, petit. Ile nilikuwaka nayo ku Land Cruiser ya zamani, ile ilianguka ku mlima. Inafungaka saa yenyewe inapenda, shofere hana la kufanya. Unitilie ya upepo."

Alisema huku anapuliza chai.

Umeelewa? Gari la baba halikuwa na kitufe. Halikuwahi kuwa nacho. Baba hakusahau kufungua, kwa sababu hakukuwa na cha kufungua. Jean-Claude alijua hivyo akiwa ameweka mkono juu ya jeneza.

Gari litakaa uani kwangu wiki mbili. Ananipigia kila siku kuuliza limefika wapi. Niambie nifanye nini, maana nikifuata mikono yangu nitaharibu.

Mdogo wako,
Emery

Kirungu
15 Oktoba 2024

Emery,

Afya njema, mama mzima, salamu nimezipata. Masista wamenichapia barua yako kwenye karatasi, nimeisoma nje ya ukuta wao, nikakaa chini kwenye kokoto kama mwehu. Miaka minane. Miaka minane mama anapita kando ya njia ili asikutane na watu, na yule bwana anajua.

Unaniuliza ufanye nini. Mpe kile kile. Kufuli lile lile, mlima ule ule, mvua ndizo hizi zinaanza. Nami nitapeleka kiti changu cha kushonea pale juu nimwangalie anavyoteremka.

Usiniletee habari za Mungu, nitaungama mwenyewe.

Yaya yako

Malvern
27 Oktoba 2024

Yaya,

Natumaini barua hii inawakuta mko wazima, na mama amepata dawa. Hapa jua limeanza kuwa kali na Falonne ananidai tupake rangi chumba. Nimemwambia nina kazi moja kwanza. Hajui ni ipi.

Imekwisha. Alitaka la upepo, na kwa macho yake amepata la upepo. Nimemfungia kitufe kizuri chenye taa nyekundu, pembeni ya usukani, pale pale aliposema kanisani. Chini ya boneti nimeweka pampu ndogo. Ukibonyeza, taa inawaka na pampu inapuliza fsss, ila mpira wake nimeuishilizia nyuma ya tangi la mafuta, haufiki popote. Ndani ya difu nimetia la kujifunga lenyewe. Zile gia ndogo za asili nilizotoa nimezifungia kwenye gazeti, ziko chini ya meza yangu.

Alisema kulikuwa na kitufe. Basi nimempa kitufe.

Nilimkabidhi Ijumaa. Alikibonyeza mara tano, anacheka kama mtoto na filimbi. Tukazunguka Jules Street yeye mwenyewe akiendesha. Tulipokata kona baada ya taa za barabarani, robot ya pili, kufuli likagonga kule nyuma, akaniangalia. Nikamwambia ni jipya, bado halijazoea. Akaridhika. Akanipa mkono, akasema nina akili, baba yangu lazima anajivunia. Nikamjibu kwamba baba alikuwa dereva. Hakuuliza wa nani.

Anaondoka Jumatano. Sikuwahi kufanya kazi safi namna hii, yaya. Meno ya gia nimeyapima kwa rangi mara tatu. Tangu Ijumaa nakula vizuri na nalala vizuri, na nikiamka nahesabu yuko wapi. Kama kuna dhambi ndani yake, bado haijanifikia.

Mdogo wako,
Emery

Kirungu
10 Novemba 2024

Emery,

Leo salamu ni fupi. Mama yuko hai, mimi niko hai, na wewe ni mjinga, na mimi ndiye niliyekufundisha ujinga.

Unamkumbuka Steve, mtoto wa mama Jeanne, aliyekuwa akikubeba mabegani kwenda kuogelea? Sasa ni dereva. Alikuja kwangu siku ya Jumatatu kunipa vipimo vya viti, maana unajua ndiyo kazi yangu, nusu ya magari ya Kirungu yamekalia mshono wangu. Nikamwuliza viti vya gari gani. Akasema la Patron Jean-Claude. Ameajiriwa. Jumanne anapanda gari kwenda Lubumbashi kulipokea, na kutoka pale ataliendesha yeye mpaka nyumbani, Kasenga, Pweto, na mlima wetu wa kushukia bandarini. Alikuwa na furaha, ananionyesha picha ya kile kitufe alichotumiwa kwenye simu.

Yule mtu anaendesha kwenye lami, Emery! Matope ni ya dereva. Umekaa huko miaka mingi kati ya watu ambao kila mmoja anaendesha bakkie, pikapu yake mwenyewe, umesahau kwamba kwetu patron akifika juu ya mteremko anashuka, anavua viatu, anakata kwa njia ya miguu, na gari analiteremsha mwingine. Siku ile ya baba alishuka. Ndiyo maana alibaki hai akatunga uongo. Sisi wawili tulijua hilo tangu utotoni, na hasira ikatufanya tusilijue.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini sisi tumechimba akaingizwe mtoto wa jirani. Akianguka, Jean-Claude atasimama tena kanisani na kusema kitufe kilikuwepo. Na safari hii kweli kipo! Tumemtengenezea ushahidi.

Steve ameondoka Jumanne kabla sijapata akili ya kumzuia. Nampigia, hapatikani. Fanya kitu.

Yaya

Malvern
11 Novemba 2024

Yaya Clémentine,

Sina uso wa kukusalimu, lakini mama msalimie.

Nimesoma barua yako mbele ya Falonne na ikabidi nimwambie yote. Akasema, "Kwa hiyo wewe na huyo patron mmefanya kazi moja." Hajaongea nami tena tangu asubuhi.

Nimempigia Jean-Claude mara kumi na moja. Nilikuwa nimeamua kumwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Najua atakachokifanya. Atarudi kwenye kipaza sauti aseme baba mlevi, mtoto muuaji, na safari hii nusu itakuwa kweli. Hata hivyo nilipiga. Simu imezimwa. Nimempigia dalali wake wa Lubumbashi, anasema walitoka juzi, patron anasimama kila mji kuwaonyesha watu gari, mtandao hakuna mpaka Pweto na Pweto kwenyewe ni bahati.

Zabibu anapanda basi leo jioni. Nimempa zile gia za asili na gasketi mpya, atazifikisha Moba kwa mkono wowote atakaoupata. Ziende kwako au kwa Steve, zisiende kwa patron. Fundi yeyote mwenye jeki anaweza kulitoa lile kufuli, nitatuma video ya kila boliti. Ila gari lisiteremke mlima kabla ya hapo. Kwenye tambarare halina neno, litagonga tu kwenye kona. Hatari ni pale tu, ule upande uliolalia bonde.

Nilijiona nina akili, yaya. Nilimwangalia yeye tu. Gari zima nililiangalia, sikuangalia nani atakaa kwenye kiti.

Mdogo wako,
Emery

Kirungu
18 Novemba 2024

Emery,

Mama mzima. Mvua siku ya sita. Mteremko umekuwa sabuni.

Nimehamisha cherehani yangu mpaka kwenye kituo cha madereva pale juu, chini ya bati la Mansour, mwenyekiti wao. Anayetaka kuteremka lazima anipite. Mansour aliniuliza ninafanya nini na cherehani kwenye matope, nikamwambia ukweli. Wote, wa kwako na wa kwangu: kwamba ulitia kwa mkono wako na mimi ndiye niliyekuandikia mpe kile kile. Nilidhani atanifukuza. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, unajua.

Kisha akaniuliza jambo moja tu: kama una hakika kwamba gari la zamani halikuwa na kitufe. Nikampa barua yako ya Oktoba aisome mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaomba abaki nayo.

Steve hapatikani. Usiniandikie mpaka nikuandikie, nikiona simu inatikisika moyo unanitoka.

Yaya

Malvern
26 Novemba 2024

Yaya,

Najua ulisema nisiandike. Siku nane zimepita. Mama hajambo? Nimefunga kazi tangu Alhamisi, wateja wanakuja nawaambia mgongo. Falonne ameanza kuongea nami, ananiambia kula. Niandikie hata neno moja, hata likiwa baya.

Emery

Kirungu
30 Novemba 2024

Mdogo wangu Emery,

Steve ni mzima. Nimeliandika kwanza ili uvute pumzi, halafu ndipo nikusalimu wewe na Falonne, na umwambie wifi yangu kwamba amenifurahisha kwa lile neno alilokuambia. Mama mzima, mimi mzima. Sikukuandikia mapema kwa sababu mvua iliangusha mlingoti wa masista na mtandao umerudi leo.

Kabla sijakusimulia, nikugombeze. Madereva wamekaa kikao juu yako. Wamesema ulichokifanya hakitofautiani na cha patron isipokuwa wewe umeungama, na kwamba siku ukikanyaga Kirungu utangulie kwa Steve, uso kwa uso, umwombe msamaha mbele ya mama Jeanne. Mimi nimeshakwenda. Mama Jeanne alinifunga mlango mara mbili, mara ya tatu akanipa kigoda. Zamu yako itafika, na usitegemee kigoda.

Sasa sikia. Alhamisi, saa nne hivi, mvua imekatika kidogo, tukasikia gari. Hata kabla halijatokea nilisikia linavyogonga kwenye kona ya shule. Mansour akasimama katikati ya njia. Madereva kumi na wanne nyuma yake, wametoka kwenye magari yao, na akina mama wa soko la juu, na mafundi, na mama yetu, ambaye sikumwita mimi.

Patron akashuka kama desturi yake, anacheka, viatu ameshavua ameviweka kwenye mfuko. Akatusalimu, akamwambia Steve ateremshe taratibu, watakutana bandarini. Mansour akamwambia Steve ashuke. Steve akashuka. Mansour akasema kwa adabu zote kwamba leo madereva wa Kirungu wamechoka, hakuna atakayeteremsha. Ila gari zuri hili lina kufuli la kisasa, kitufe hiki hapa na taa inawaka. Patron apande, afungue kufuli, ateremke mwenyewe.

Akadhani ni utani. Watu hawakucheka. Mbele ya watu wote wale hakuweza kukataa, akavaa viatu, akapanda. Akabonyeza kitufe. Fsss. Emery, alikuwa tayari kwenda! Aliamini kazi yako.

Ndipo nikasogea dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na mengi hayakutoka. Nikamwambia, "Patron, fundi aliyekutilia kufuli anaitwa Emery, mtoto wa Gustave. Hicho kitufe hakifungui kitu. Humo ndani mna lile lile la gari la zamani."

Nilimwona anasikiliza. Hakunisikiliza mimi, alikuwa anausikiliza mlio wa kwenye kona tangu Lubumbashi, ambao aliujua na akajidanganya haujui. Mikono ikatoka kwenye usukani. Akafungua mlango, akashuka kwenye matope na viatu vyake.

Mansour akamwuliza mbona anashuka, kitufe si kipo?

Akapiga kelele. Nafikiri alisahau tuko wangapi. Akasema, "Kitufe ya nini! Ile hakuna muntu anaweza kuifungula! Inajifungaka yenyewe, itaniua!"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini Steve alinitangulia. Alikuwa ameegemea boneti, ndiyo kwanza ameelewa alikuwa anapelekwa wapi. Akauliza polepole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Sasa mzee Gustave alisahau kufungula nini?"

Patron akaangalia watu. Akamwangalia Mansour, na Mansour akatoa barua yako mfukoni, akaikunjua, akasoma kwa sauti yale maneno ya chai, ile ya kujifunga hapana, petit. Hakukana. Angekana vipi na ameshuka kwenye gari mbele yetu? Akasema alikuwa na hofu siku ile, watu wangemlaumu kwa kununua kufuli baya. Akasema Gustave hakusahau kitu. Akasema na pombe hakunywa.

Nilidhani nitafurahi kama mtu aliyeshinda. Nilifurahi, sikudanganyi, nilifurahi mpaka meno yakaniuma. Nilitaka avue na shati.

Gari bado liko juu hapa, mawe yamezuia matairi, na gia zako zimefika jana kwa mkono wa dereva wa Pweto. Ninazo mimi. Fundi yuko tayari, lakini nimemwambia patron zitatoka kwangu atakaposema kanisani, kwa kipaza sauti kile kile, alichokisema kwenye matope. Amekubali. Atasema kesho baada ya komunyo, padri ameshaarifiwa.

Nimekuachia la mama mwisho. Patron alipomaliza kusema pale kwenye matope, watu walianza kutawanyika, na mama akatoka katikati yao na kikapu chake, akasimama mbele ya patron, karibu naye hivi. Akamwambia hakusikia vizuri, arudie. Patron akarudia. Mama akasema upepo unavuma, arudie. Akarudia. Mama akasema ataje na jina la dereva. Akalitaja. Mara nne na ile ya kwanza, Emery, na mama yetu ni mtu anayesikia chungu kikichemka nyumba ya tatu. Leo asubuhi amemtumia mtu kwa patron, kumjulisha kwamba kesho atakaa benchi la mbele, kwa sababu huenda asisikie.

Yaya yako,
Clémentine